SOMO LA MSUMENO WA MOTO: NATI ILIYOLEGEA NA KIPANDE KILICHOPOTEA



Kaskazi iliyopita, mavuno yalipokwisha na kila mtu akaanza kuchimba mashimo ya miche ya masika, msumeno wa moto wa jumuiya yetu ulikuwa hautulii. Ulitoka shamba hili ukaenda shamba lile, kukata mikarafuu iliyokufa kwa ule ugonjwa wa kufa ghafla, na kila aliyeuhitaji aliupata kwa zamu. Siku moja mwenzetu mmoja aliuazima akaenda nao shambani kwake. Alipokuwa katikati ya gogo, mnyororo uliruka kutoka mahali pake, ukapiga nyuma, ukampasua suruali na nyama ya paja juu kidogo ya goti. Alishonwa hospitali, na leo, alhamdulillahi, anatembea na anapanda mikarafuu yake kama kawaida. Lakini lau mnyororo ule ungeingia inchi moja zaidi, leo tungekuwa na habari nyingine ya kuwaandikia.

Tuliuchukua msumeno ule tukauweka juu ya meza tukaukagua. Tuliona mambo mawili. Katika zile nati mbili zinazokaza bamba, moja haikuwapo na ya pili imelegea. Na kile kipande kidogo kiitwacho kishika mnyororo, ambacho kazi yake ni kuudaka mnyororo unapoponyoka, hakikuwapo kabisa, wala skurubu yake. Tena tundu la skurubu hiyo lilikuwa limejaa unga wa mbao ulioganda kwa oili. Maana yake kilipotea siku nyingi, kabla mwenzetu hajauazima. Na katika daftari letu imeandikwa, kwa mkono wetu sisi, kwamba msumeno ulitolewa ukiwa "mzima."

Basi kosa lile si la mwenzetu, ni letu tuliokabidhiwa. Tumekwenda nyumbani kwake tukamtaka radhi, na kwa somo hili twawataka radhi ninyi nyote. Wazee wamesema: mdharau mwiba mguu huota tende. Nati moja ni kitu kidogo kuliko mwiba, nayo imetufikisha hospitali.

KWA NINI VITU HULEGEA

Mashine ya msumeno wa moto ni ndogo, lakini inakwenda mbio sana. Ukivutwa moto wote, misumeno mingi huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika moja, yaani zaidi ya mara 200 kwa kila sekunde. Kila mzunguko ni mtikiso mmoja. Nati isiyokazwa sawasawa huhesabu mitikiso hiyo, na baada ya saa chache hujifungua yenyewe.

Sababu ya pili ni joto. Mwili wa msumeno aghalabu ni wa madini mepesi, na sehemu nyingine ni za plastiki, lakini skurubu zake ni za chuma. Vitu hivi havitanuki sawasawa vikipata moto, wala havirudi sawasawa vikipoa. Kwa hiyo skurubu iliyo karibu na ekzosi hulegea upesi kuliko nyingine.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Mtu hufungua kifuniko shambani, akaweka nati juu ya majani makavu, akageuka kidogo, nati haionekani tena. Mwingine hukaza kwa nguvu zake zote mpaka hesi, yaani yale meno ya mzunguko yaliyomo tunduni, yakakatika. Tangu hapo skurubu huingia na kuzunguka tu, haishiki kitu.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Zimeni mashine, mngojee ipoe, kisha vueni kofia ya plagi. Msiache hatua hii hata kama mnataka kukaza nati moja tu. Vaeni glavu nzito, maana mnyororo hukata hata mashine ikiwa imezimwa.

Tandikeni mkeka au kitambaa cheupe, na karibu yake muweke sinia. Kila kinachofunguliwa kiwekwe ndani ya sinia kwa mpango, cha kwanza upande wa kushoto na cha mwisho upande wa kulia. Wakati wa kurudisha, mtaanza kulia. Na kwa kuwa siku hizi karibu kila mtu ana simu ya picha, pigeni picha moja kabla ya kufungua na moja baada yake. Picha haisahau skurubu ilikotoka.

Zana zinazotakiwa si nyingi: ile spana ya msumeno yenye bisibisi upande mmoja, bisibisi ya nyota ya pembe sita au ufunguo wa pembe sita kwa kadiri ya msumeno wenyewe, brashi ngumu, na kitambaa kikavu. Anzeni kwa brashi. Unga wa mbao na oili huficha mengi, na mara nyingi kipande kilichopotea hakijulikani mpaka uchafu uondolewe na tundu tupu lionekane.

MAHALI SABA PA KUKAGUA

1. Nati za bamba. Bamba ni ule ulimi mrefu wa chuma ambao mnyororo huzunguka ukingoni mwake. Misumeno mikubwa ina nati mbili, midogo ina moja. Dalili za kulegea ni mnyororo kuning'inia chini ya bamba muda mfupi tu baada ya kukazwa, na bamba kucheza mkishika ncha yake na kuisukuma kulia na kushoto. Msumeno wa nati mbili usifanye kazi kwa nati moja, hata kwa tawi la mwisho. Nati mpya iwe ya hesi ile ile na iwe na kitako kipana kama ya kwanza. Nati ya baiskeli au ya pikipiki, hata ikiingia, haishiki kifuniko vizuri.

2. Kijino cha kukazia mnyororo. Hiki ni kipini kidogo kinachosukumwa na skurubu ya kukazia, nacho huingia katika tundu la bamba. Ikiwa mnazungusha skurubu na mnyororo haukazi, basi kijino hakimo tunduni, au kimekatika. Msilazimishe kifuniko kwa nati, kwani kijino kitapinda na kifuniko kitapasuka. Vueni tena, sogezeni bamba mpaka kijino kiingie, ndipo mfunike.

3. Kishika mnyororo. Kiko chini, karibu na mahali mnyororo unapoingia mwilini mwa msumeno. Mingine ni ya plastiki, mingine ya madini mepesi. Kitazameni kwa macho, kisha mkisukume kwa kidole. Kikiwa kimeliwa sana au kimepasuka, kibadilishwe. Bei yake ni ndogo mno kuliko nauli ya kwenda hospitali.

4. Breki ya mnyororo. Sukumeni mkono wa breki mbele, kisha jaribuni kuvuta mnyororo kwa glavu: usiende. Rudisheni mkono nyuma: mnyororo uvutike. Mkono ukiwa unacheza ovyo, bila ya mlio wa kushika, springi imekatika au skurubu ya mhimili imetoka. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: katika misumeno mingine breki imo ndani ya kifuniko cha pembeni. Basi fungueni breki kabla ya kuvua kifuniko, au kitakataa kurudi.

5. Mipini na mipira yake. Kati ya mipini na mashine kuna mipira au springi za kupunguza mtetemo. Shikeni mpini wa mbele kwa mkono mmoja na wa nyuma kwa mkono wa pili, kisha mpinde kidogo kama mnayekamua nguo. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Mchezo mkubwa, au mlio wa chuma kugonga chuma, maana yake mpira umekatika au skurubu imetoka. Mtu anayefanya kazi na msumeno kama huo mikono humfa ganzi, na msumeno humponyoka pale anapouhitaji utulie.

6. Ekzosi. Sauti ikibadilika ikawa ya kupasua masikio, au mkiona masizi meusi pembeni mwa mahali ekzosi inapoungana na mashine, skurubu zake zimelegea. Moto unaotoka hapo huyeyusha plastiki iliyo jirani, na wakati wa Kaskazi, majani yakiwa makavu, waweza kuwasha shamba. Zikazeni mashine ikiwa baridi. Kile kichujio cha cheche kilicho mdomoni mwa ekzosi kikiziba, mashine hukosa nguvu. Kisafisheni mkirudishe, msikitupe.

7. Kabureta na bomba lake la hewa. Hapa ndipo msumeno mwingi unapofia. Dalili zake ni hizi: mkiachia moto, mashine haishuki bali huendelea kupiga mbio, au mlio wake unapanda wenyewe bila ya kuguswa. Maana yake hewa inaingia kwa njia ya wizi, ama nati za kabureta zimelegea, ama bomba la mpira limepasuka. Hewa ikizidi, petroli hupungua; na kwa kuwa oili ya mashine hii imechanganywa ndani ya petroli, oili nayo hupungua. Pistoni hukauka, ikakwaruza, ikashika. Kwa hiyo mkisikia mlio huo, zimeni papo hapo. Vueni kichujio cha hewa, shikeni kabureta kwa vidole, mtikise. Ikicheza, mmepata ugonjwa wenyewe. Isipocheza, pindeni bomba la mpira polepole mtazame nyufa.

DALILI MOJA, SABABU MBILI

Fundi mzuri hakimbilii spana, huuliza kwanza. Mfano ni mnyororo unaozunguka mashine ikiwa inanguruma taratibu, bila ya moto kuvutwa. Huenda skurubu ya mwendo wa taratibu imekazwa mno, na huenda springi ya klachi imekatika. Punguzeni kwanza kwa ile skurubu. Mnyororo ukisimama, kazi imekwisha. Usiposimama, fungueni klachi. Lakini kumbukeni kwamba hesi ya klachi katika misumeno mingi ni ya kinyume: hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kukazia. Wengi wameivunja kwa kutojua hilo. Na kile kibanio kidogo chenye umbo la herufi E, kinachoshika gurudumu la meno, hupenda kuruka kama panzi. Kifunikeni kwa kitambaa kabla ya kukichomoa.

Mfano wa pili ni msumeno unaokata upande, mstari ukapinda kama mwezi mwandamo. Huenda bamba limelegea, na huenda meno ya upande mmoja yamenolewa zaidi ya upande wa pili. Shikeni ncha ya bamba mlitikise. Likiwa imara, nati hazina kosa, chukueni tupa.

Jambo hili lina faida nyingine kwetu wakulima. Msumeno unaotikisika haukati, unararua. Na tawi la mkarafuu hai likiraruliwa, kidonda kile ni mlango wa maradhi ya kufa matawi, kwani kuvu wa maradhi hayo huingilia mahali mti ulipojeruhiwa. Kwa hiyo kukaza nati ni sehemu ya kuutunza mkarafuu.

NAMNA YA KURUDISHA NA KUKAZA

Kwanza safisheni tundu na skurubu. Kisha ingizeni skurubu kwa vidole, si kwa zana, mizunguko miwili au mitatu. Ikikataa kwa vidole imekaa upande. Itoeni muanze tena. Kwenye tundu la plastiki kuna siri ya mafundi: zungusheni kwanza kinyume, polepole, mpaka msikie mlio mdogo wa kudondoka. Hapo skurubu imeingia katika njia yake ya zamani, na sasa kazeni mbele. Mkiilazimisha itachimba njia mpya, na tundu litakufa.

Kifuniko chenye skurubu nne kikazwe kwa kupishana, pembe hii kisha pembe ya mkabala wake, kidogo kidogo. Skurubu inayolegea mara kwa mara yaweza kutiwa tone moja la gundi ya skurubu, ile isiyokuwa kali ambayo hufunguka kwa zana za mkono. Nati za bamba zisitiwe gundi, kwani hizo hufunguliwa kila siku. Ekzosi nayo isitiwe, kwa sababu joto lake huiua gundi hiyo.

Hesi ikiwa imekatika katika mwili wa madini, mpelekeeni fundi aitie hesi mpya ya chuma ndani ya tundu lile lile. Kazi hiyo hudumu. Msijaze kijiti, wala karatasi, wala msifunge kwa waya. Bolti iliyokatikia ndani nayo ni kazi ya fundi. Ukiichokoa kwa msumari utaharibu na kilicho kizima.

Kukaza bamba na mnyororo kuna utaratibu wake. Legezeni nati mpaka zishike kwa vidole tu. Inueni ncha ya bamba juu, na huku imeinuliwa, zungusheni skurubu ya kukazia mpaka mnyororo uguse ukingo wa chini wa bamba. Ncha ikiwa bado juu, kazeni nati kwa spana. Kisha fungueni breki mvute mnyororo kwa glavu: uende bila ya kukwama, wala usining'inie. Mnyororo hurefuka ukipata moto, basi kagueni tena baada ya kukata kidogo, na mnyororo mpya uangaliwe mara nyingi zaidi. Jioni, kazi ikiisha, ulegezeni kidogo, kwani ukipoa hujikunja na kulibana bamba.

KINACHONGOJA NA KISICHONGOJA

Watu hutuuliza, "Je, kikikosekana kitu kimoja, tusimalize hata mti huu?" Jibu letu ni hili. Skurubu moja kati ya nne za kifuniko cha kamba ya kuwashia ikipotea, siku yaweza kwisha, lakini kesho yake irudishwe. Nati ya bamba, kishika mnyororo, breki, mpira wa mpini, skurubu ya ekzosi, nati ya kabureta, au kifuniko cha tangi la petroli visipokuwa kamili, msumeno uzimwe na urudi nyumbani. Mti uliokufa hautakimbia. Umesimama mwaka mzima, utasimama na wiki moja zaidi.

ULIOAMULIWA NA JUMUIYA

Tangu sasa msumeno hautoki bila ya watu wawili kuukagua pamoja, mwenye kutoa na mwenye kupokea, kwa kufuata mahali saba tulipopataja. Wote wawili watatia sahihi. Neno "mzima" halitaandikwa tena peke yake. Kila mahali pataandikwa kwa jina lake. Ukirudi, utakaguliwa vivyo hivyo, na aliyepoteza kitu akaseme hatalaumiwa. Atakayelaumiwa ni yule aliyejua akanyamaza.

Pamoja na msumeno kutakuwa na kikopo chenye nati mbili za bamba, kishika mnyororo kimoja na skurubu yake, kibanio kimoja cha herufi E, na plagi moja. Atakayetumia spea aandike, ili tununue nyingine. Na kabla ya kuomba zamu, mwanachama amalize kwanza habari ya kibali cha kukata, kwa sheha wake na kwa wakubwa wa misitu. Msumeno mzima hauhalalishi mti usiokatiwa ruhusa.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya pamoja na vijana wenu wanaowasaidia shambani. Majibu mengi yamo ndani ya somo.

1. Mashine haitulii mkiachia moto, bali inazidi mbio. Mtafanya nini kwanza, na mtatazama wapi?
2. Kwa nini ncha ya bamba huinuliwa wakati wa kukaza nati?
3. Klachi hufunguliwa kwa kuzungushwa upande gani?
4. Skurubu ya plastiki huingizwaje bila ya kuharibu tundu?
5. Kishika mnyororo kiko wapi katika msumeno wenu? Wekeni kidole juu yake.

Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote. Sisi tuliokuwa tukiutoa msumeno kila siku tulikuwa hatuwezi kulijibu, na mwenzetu akalipa kwa damu yake. Tunawaomba kila mmoja wenu aweze kulijibu kabla zamu yake haijafika.